Intellec: sanduku la buluu na kazi ya kulifufua

Ukisoma historia ya kompyuta ndogo utakutana na majina yale yale: Altair, Apple, IBM PC. Leo nataka tuangalie mashine ambayo haitajwi sana, kwa sababu haikukusudiwa kukaa sebuleni kwa mtu. Iliuzwa kwa wahandisi. Jina lake ni Intellec, aliyeitengeneza ni Intel, na kazi yake ilikuwa moja: kumwezesha mtu kuandika programu ya kifaa kingine ambacho chenyewe hakina kibodi, skrini wala diski.

Mimi nilifika kwa Intellec kupitia mlango wa nyuma. Chuoni tulifanyia mazoezi ya lugha ya mashine kwenye vibao vya 8085, vile vyenye vitufe vya heksadesimali na tarakimu nyekundu. Nikajiuliza: na hii programu iliyo ndani ya EPROM ya kibao, yenyewe iliandikiwa wapi? Kuulizauliza kukanifikisha kwenye sanduku hili. Tangu hapo nimesoma miongozo yake, nimeendesha programu zake kwenye laptopu kwa emuleta, na nimefuatilia kwa karibu jinsi watu wanavyozifufua zile za chuma.

Nimejifunza jambo moja kubwa. Programu huishi kadiri mashine iliyoiandika inavyoishi, au kadiri atakavyopatikana mtu wa kuikarabati mashine hiyo kwa muda wa kutosha kuinakili. Fuatana nami uone.

Prosesa bila mahali pa kuandikia

Intel ilitoa 4004 mwaka wa 1971, ikafuatiwa na 8008 mwaka wa 1972 na 8080 mwaka wa 1974. Mteja aliyenunua chipu hizi alikuwa na shida iliyo wazi. Tuseme anatengeneza mizani ya kielektroniki. Mizani ina prosesa, lakini haina mahali pa kuandikia programu. Aiandikie wapi?

Njia ya kwanza ilikuwa kukodi muda kwenye kompyuta kubwa, kuandikia huko, kisha kuhamisha matokeo. Njia ya pili ilikuwa kununua kompyuta iliyojengwa kwa prosesa ile ile, ikiwa na kila kitu ambacho mizani haina. Hiyo ya pili ndiyo Intellec. Intellec 4 na Intellec 8 zilitoka mwaka wa 1973, kabla ya Altair 8800 kutangazwa Januari 1975. Yaani Intel ilikuwa tayari inauza kompyuta ndogo kamili, ila yenyewe iliiona kama kifaa cha fundi, kama vile bisibisi au osiloskopu.

Mwanzoni diski haikuwepo. Ulizungumza na mashine kupitia teletaipu ya ASR-33, na programu ulizihifadhi kwenye mkanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Teletaipu hiyo ilisoma herufi 10 kwa sekunde. Karatasi huchanika, hulowa, na wakati mwingine msomaji wa matundu huruka moja. Kwa hiyo Intel ikabuni namna ya kuandika programu inayojikagua yenyewe mstari kwa mstari. Mstari mmoja huonekana hivi:

:03000000C3000139

Nukta mbili zinasema "mstari unaanza hapa." 03 ni idadi ya baiti za data. 0000 ni anwani. 00 inayofuata ni aina ya mstari. C3 00 01 ndizo data zenyewe, ambazo kwa 8080 zina maana "ruka hadi anwani 0100." 39 ya mwisho ni ya ukaguzi: jumlisha baiti zote pamoja nayo, na baiti ya chini ya jibu lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, mstari umesomwa vibaya.

Umewahi kupakia programu kwenye Arduino yenye chipu ya AVR? Lile faili la .hex linalotengenezwa nyuma ya pazia ni hili hili. Programu ya kilobaiti 4, kwa mistari ya baiti 16, hufika herufi 11,520. Kwa teletaipu hiyo ni zaidi ya dakika 19 za kusubiri ikikatakata kelele. Sisi leo tunalalamika kompaila ikichukua sekunde 30!

Mwalimu wa Monterey

Gary Kildall alikuwa mwalimu katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini la Marekani, Monterey, California. Alianza kuwa mshauri wa Intel, akaandika programu za kuigiza prosesa zao kwenye kompyuta kubwa, na mwaka wa 1973 akabuni lugha ya PL/M ili watu wasilazimike kuandika kila kitu kwa lugha ya mashine. Kompaila yake ya kwanza iliandikwa kwa Fortran na iliendeshwa kwenye kompyuta kubwa. Kwa kazi hizi akapata Intellec-8 ya kutumia.

Alichotaka Kildall ni kuachana na mkanda wa karatasi. Alipata diski ya inchi 8 kutoka kampuni ya Shugart, lakini diski bila kidhibiti cha kuiunganisha na kompyuta haifanyi kitu, na yeye alikuwa mtu wa programu. Rafiki yake John Torode ndiye aliyejenga kidhibiti hicho. Mwaka wa 1974, katika mji wa Pacific Grove, mfumo wake ulianza kufanya kazi: uliwaka kutoka diski na kumpa mtumiaji alama ya kusubiri amri. Aliuita CP/M.

Kildall alijaribu kuiuzia Intel mfumo huo. Intel ikaichukua PL/M na kuiacha CP/M, kwani kwa vifaa vyake ilikuwa na mfumo wake, ISIS. Basi Kildall na mkewe Dorothy McEwen wakaiuza wenyewe kupitia kampuni iliyokuja kujulikana kama Digital Research.

Ukitaka kuona alama za CP/M, tazama kompyuta yoyote ya Windows. Kuziita diski kwa herufi, A: na B: na C:, kulienezwa nayo. Majina ya faili ya herufi 8, nukta, kisha herufi 3 yalienea nayo pia. Tim Paterson wa Seattle Computer Products alipoandika 86-DOS mwaka wa 1980, alifuata miito ya CP/M ili programu za zamani zihamishwe kwa urahisi. Mfumo huo ndio Microsoft iliununua na kuufanya DOS ya IBM PC mwaka wa 1981. Hata mwito namba 9, wa kuchapisha maneno yanayoishia na alama ya dola, ulibaki na namba yake na dola yake.

Sanduku lenyewe

Mwaka wa 1975 Intel ilitoa Intellec MDS-800. Hili ndilo sanduku la buluu ambalo wengi wanalikumbuka: kubwa, zito, lenye swichi na taa mbele, na ndani safu ya bodi zilizochomekwa wima. Prosesa ilikuwa 8080 ya megahezi 2, na memori ilifika kilobaiti 64. CP/M iliyosambazwa na Digital Research ilikuja ikiwa imetayarishwa kwa ajili ya MDS-800. Mwenye mashine nyingine alitakiwa kuandika upya sehemu ndogo inayogusa vifaa, ile iitwayo BIOS.

Lakini kilicholifanya sanduku hili lipendwe na wahandisi ni ICE-80. Unaichomoa 8080 kwenye bodi ya mizani yako. Mahali pake unachomeka plagi ya miguu 40 iliyounganishwa kwa waya na Intellec. Sasa mizani inadhani ina prosesa yake, kumbe prosesa iko ndani ya sanduku, na wewe ndiwe unayeishikilia. Unaweza kuisimamisha kwenye anwani unayotaka, ukasoma rejista, ukatazama hatua zilizotangulia, hata ukaiazima mizani memori ya Intellec kabla memori yake haijajengwa. Kila unapoweka alama ya kusimamisha programu kwenye debaga yako leo, unafanya kile ambacho wahandisi hao walifanya kwa waya huo.

Kuifufua: stima kwanza

Sasa tuseme sanduku kama hili limekaa stoo miaka 30. Kishawishi cha kwanza ni kulichomeka ukutani uone kama litawaka. Usithubutu.

Uliza fundi yeyote wa redio pale Luthuli Avenue atakwambia: anza na pawa saplai. Chomoa bodi zote kwanza, ukipiga picha ili ujue ipi ilikaa wapi. Kapasita za elektroliti hukauka zikikaa bila stima, na zikipewa volti zote kwa ghafla zinaweza kupasuka. Zile kapasita za karatasi zinazowekwa kwenye njia ya umeme wa ukutani ni mbaya zaidi: ganda lake hupata nyufa, unyevu huingia, halafu hujaza chumba moshi. Wakarabati wengi huzibadilisha bila kujadiliana nazo.

Kisha pawa saplai hupimwa ikiwa peke yake, na mzigo wa bandia mahali pa bodi. Kwa 8080 hatua hii si ya hiari. Chipu hii inataka volti tatu tofauti: +5, +12 na -5. Hiyo -5 ikikosekana huku nyingine zipo, chipu inaweza kuharibika, na chipu nyingi za memori za wakati huo zina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo hitilafu ndogo kwenye waya mmoja wa stima inaweza kukuulia chipu kadhaa kwa sekunde moja.

Kwetu Kenya kuna mtego mwingine. Mashine iliyotengenezewa Marekani inatarajia volti 115 na hezi 60. Sisi tuna volti 240 na hezi 50. Transfoma itakupunguzia volti, lakini hezi haizigusi. Diski nyingi za inchi 8 za enzi hizo zilikuwa na mota iliyofuata hezi za umeme wa ukutani na kuzungusha diski kwa mkanda wa mpira. Diski iliyotakiwa kuzunguka mara 360 kwa dakika itazunguka mara 300. Kila kitu kitaonekana kizima, taa zitawaka, mota itanguruma, lakini haitasoma hata baiti moja sawasawa. Dawa yake ni ya kimakanika kabisa: puli ya kipenyo kingine pamoja na mkanda wake. Watengenezaji walijua hili na waliuza puli za aina zote mbili.

Kuisikiliza prosesa

Stima ikishatulia, bodi hurudishwa moja moja. Bodi ya prosesa ikikaa kimya, kuna mbinu ya zamani ninayoipenda sana. Unaitenga prosesa na memori, na unailazimisha isome sifuri tupu kila inapoomba amri. Kwa 8080, sifuri ni NOP, yaani "usifanye kitu, nenda mbele." Basi prosesa huanza kuhesabu anwani zote kuanzia 0000 hadi FFFF, ikifika mwisho inarudi mwanzo.

NOP moja huchukua mapigo 4 ya saa. Kwa megahezi 2 hiyo ni maikrosekunde 2. Waya wa anwani wa chini kabisa, A0, utacheza kwa kilohezi 250. A1 nusu yake, A2 nusu ya hiyo, hadi A15, ambao utacheza kama mara saba na nusu kwa sekunde. Weka taa ndogo ya LED na kinga yake kwenye A15 na utaiona ikipepesa kwa macho yako. Waya ambao hauko kwenye mpangilio huu wa nusu kwa nusu ndio mgonjwa.

Memori nayo ina hesabu yake. Chukua bodi ya kilobaiti 16 iliyojengwa kwa chipu za biti 4,096. Zinahitajika chipu 32: safu 4, kila safu chipu 8, chipu moja kwa kila biti. Endesha programu ya kupima memori. Ikisema kosa liko anwani 2A10, biti ya 5, huna haja ya kubahatisha. Kwa bodi inayoanzia 0000, anwani 2000 hadi 2FFF ni safu ya tatu, na biti ya 5 ni chipu moja tu katika safu hiyo. Unailehemu ile moja. Mtu anayebadilisha chipu zote 32 "ili tu awe na uhakika" huishia kung'oa njia za shaba kwenye bodi ambayo haitatengenezwa tena.

Ukitazama vizuri utaona mbinu zote hizi zina mfuatano mmoja: thibitisha kilicho chini kabla ya kulaumu kilicho juu. Stima, saa, prosesa, memori, diski, halafu ndipo programu. Nami hufuata mfuatano huo seva inapokataa kujibu.

Diski zisizosomeka

Hapa ndipo roho ya kazi ilipo, kwa sababu bodi zina michoro ya saketi iliyochapishwa na Intel, na nakala zake zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu za miongozo kama Bitsavers. Programu zilizo kwenye diski huenda hazina nakala popote.

Diski za kawaida za inchi 8 zilikuwa na njia 77, kila njia sekta 26 za baiti 128, jumla baiti 256,256. Hizo zinafahamika. Intel ilipotaka kuongeza nafasi mara mbili ilitumia usimbaji wa M2FM, sekta 52 kwa njia. Ulimwengu mwingine ukaenda na MFM, na chipu za kudhibiti flopi zilizokuja kuenea zikajengwa kwa MFM. Matokeo yake, diski ya Intel ya aina hiyo ni kama barua iliyoandikwa kwa hati ambayo postamasta hajui kuisoma. Data zipo, sumaku ipo, lakini kidhibiti cha kawaida kinaona vurugu.

Kuna njia mbili za kuisoma. Ya kwanza ni Intellec nzima yenye kidhibiti chake cha asili. Ya pili ni vifaa kama Greaseweazle au KryoFlux, ambavyo havijali usimbaji: vinarekodi kila badiliko la sumaku na muda wake, kisha programu kwenye laptopu inatafsiri baadaye. Siku hizi wakarabati huanza na hiyo ya pili, kwa sababu rangi ya sumaku kwenye diski kuukuu inaweza kubanduka mara ya kwanza tu inapozungushwa. Diski isiyo na nakala haipewi mashine ambayo haijathibitishwa.

Faida ya kazi hii tunaiona. Oktoba 2014, miaka 40 baada ya Pacific Grove, jumba la makumbusho la historia ya kompyuta lililo Mountain View, California, lilitoa hadharani msimbo wa matoleo ya awali ya CP/M, na ruhusa ya kuitumia CP/M kwa uhuru ikafafanuliwa zaidi mwaka wa 2022. Kwa ISIS, kuna emuleta iitwayo Thames inayoendesha programu zake kwenye Linux. Nimeitumia kuendesha kompaila ya PL/M-80. Nilipoona msimbo nilioandika mimi ukigeuzwa kuwa faili la heksa na kompaila ya miaka ya 1970, nilitambua kwamba mtu fulani, mahali fulani, alikaa na mota, mkanda wa mpira na diski iliyochoka hadi kompaila hiyo ikasomeka. Bila yeye ningekuwa nasoma jina lake tu kwenye mwongozo.

Angalia stoo yenu

Huenda unasema haya ni ya Wamarekani. Lakini prosesa za ukoo wa 8080 na 8085 ziliingia kwenye mitambo kila pembe ya dunia, na mitambo huishi muda mrefu kuliko kampuni zilizoitengeneza. Ukikuta bodi yenye chipu iliyo na kidirisha cha kioo, hiyo ni EPROM. Mwanga wa urujuani unaifuta. Intel yenyewe iliandika kuhusu 2716 kwamba jua la moja kwa moja linaweza kuifuta kwa takriban wiki moja, na taa za fluoresenti za chumbani kwa takriban miaka 3. Ile stika chakavu iliyobandikwa juu ya kidirisha ndiyo inayoilinda programu. Usiibandue ili usome namba ya chipu ukaisahau mezani.

Funika kidirisha. Mtafute mwenye kifaa cha kusomea EPROM, isome mara mbili, na ulinganishe faili mbili hizo. Zikifanana, hifadhi nakala tatu mahali patatu, pamoja na picha ya bodi na jina la mtambo. Kazi nzima haimalizi alasiri moja. Mtambo ukizimika mwaka ujao, utakuwa na kitu cha kumpa fundi.